SIRI YA MTUNGI NA FIGO YA MJOMBA

Wahenga walisema, siri ya mtungi muulize kata. Kata ndiyo iingiayo ndani, basi haina budi kujua kama maji yamejaa au limebaki tope. Mwaka huu nimeona niwaandikie jambo ambalo lingewashangaza hata wahenga wenyewe: namna ya kupata jibu kuhusu mitungi kadhaa bila kata kuingia hata mmoja. Msikimbie mkidhani nawaletea hesabu ngumu. Nawaletea habari ya mjomba wangu.

Mjomba ni dereva wa lori, au niseme alikuwa. Figo zake zilishindwa kazi. Mara mbili kila wiki huunganishwa na mashine ya kusafisha damu kwa saa nne hivi, na akitoka hapo hutembea kama mzee wa miaka 80. Daktari alimwambia tiba bora kwake ni kupandikizwa figo. Mama yangu, ambaye ni dadake mkubwa, hakungoja kuombwa. Alisema, "Mungu alinipa mbili, moja chukua." Lo! Vipimo viliporudi, damu ya mama ni kundi A na ya mjomba ni kundi B. Nia ipo, njia hakuna.

Wenzangu wa Biolojia mnaikumbuka kanuni. Mwenye damu ya kundi O anaweza kumpa mtu yeyote. A humpa A na AB. B humpa B na AB. AB humpa AB pekee. Kanuni hiyo hiyo ndiyo ya kuanzia katika figo. Tena si kundi la damu tu. Mtu aliyewahi kuongezewa damu, kubeba mimba au kupandikizwa kiungo, huenda mwili wake ukawa na kingamwili za kuishambulia figo ya mtu fulani hata kama makundi yao yanapatana. Ndiyo sababu upandikizaji wa figo wa kwanza uliofanikiwa, alioufanya Daktari Joseph Murray kule Boston, Marekani, mwezi wa Desemba 1954, ulikuwa baina ya ndugu pacha wa kufanana. Mwili wa mgonjwa haukuiona figo ile kuwa ngeni. Sisi wengine hatuna bahati ya kuwa na pacha.

Mwaka 1986 daktari mmoja, Felix Rapaport, alitoa wazo rahisi ajabu: wabadilishane! Tuseme mahali pengine yupo mgonjwa wa kundi A, na mkewe aliye tayari kumpa figo ni wa kundi B. Nao wamekwama kama sisi. Lakini mama akimpa figo yule mgonjwa, na yule mke akimpa mjomba, wote wawili wanapona. Korea Kusini walianza kubadilishana hivyo mwaka 1991. Mwaka 2004 wanauchumi Alvin Roth, Tayfun Sönmez na Utku Ünver walieleza jinsi ya kupanga mabadilishano hayo kwa hesabu, hata kwa mzunguko wa jozi tatu na zaidi. Roth alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2012, pamoja na Lloyd Shapley, kwa kazi yao kuhusu kuoanisha watu na wanachohitaji.

Nilimkimbilia mjomba na habari hii nikidhani atanishukuru. Alinitazama tu. Kisha akasema, "Mwanangu, unataka jina langu liandikwe wapi tena?"

Hapo ndipo nilipojua yaliyompata. Siku alipopimwa mara ya kwanza, habari zilifika stejini kabla yeye hajafika nyumbani. Nani alizitoa, hajui mpaka leo. Jioni hiyo hiyo mwenye lori alimpigia simu arudishe funguo. Ugonjwa ulichukua figo, lakini kazi ilichukuliwa na mdomo wa mtu.

Na tazameni, wasomaji wenzangu, alikuwa na haki ya kuogopa. Ili kubadilishana kuwezekane, lazima mtu ajue damu, kingamwili na magonjwa ya wagonjwa wote, na ya watoaji wao pia, ambao ni watu wazima wa afya. Kawaida hospitali hupeleka habari hizo zote kwa ofisi moja inayoaminiwa. Daftari la namna hiyo likiibwa, ni mali kwa dalali wa viungo. Kwetu Kenya Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema kutoza pesa kwa kiungo cha binadamu ni kosa, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Hata hivyo sheria humwadhibu mwizi baada ya kuiba. Je, haiwezekani daftari lenyewe lisiwepo?

Inawezekana. Mwaka 1979 mtaalamu Adi Shamir alionyesha jinsi ya kuigawa siri vipande vipande, kila kipande kikiwa hakina maana peke yake. Mwaka 1982 Andrew Yao aliuliza: matajiri wawili wanawezaje kujua nani tajiri zaidi bila yeyote kusema ana kiasi gani? Elimu iliyotokana na maswali hayo naiita hesabu ya pamoja ya siri. Tuijaribu chamani.

Baada ya mtihani wa Hisabati, mimi, katibu na mweka hazina tulitaka kujua jumla ya alama zetu, lakini kila mmoja aliona haya kutaja zake. (Alama nitakazotaja ni za kubuni, zetu hasa hamtazijua ng'o!) Tuseme mimi nina 62. Nazigawa vipande vitatu: 15, 90 na hasi 43. Vijumlisheni, mtapata 62. Nabaki na 15, nampa katibu 90, nampa mweka hazina hasi 43. Katibu ana 48: ananipa 70, anabaki na hasi 32, anampa mweka hazina 10. Mweka hazina ana 71: ananipa hasi 5, anampa katibu 20, anabaki na 56.

Sasa kila mtu anajumlisha vipande alivyo navyo na kutangaza jibu. Mimi: 15 na 70 ondoa 5, ni 80. Katibu: 90 ondoa 32 ongeza 20, ni 78. Mweka hazina: 66 ondoa 43, ni 23. Jumla ya yote ni 181. Na 62 na 48 na 71 je? Ni 181! Jumla imepatikana na hakuna aliyeona alama za mwenzake. Katika tarakilishi vipande huteuliwa kwa bahati nasibu na hesabu huzunguka kama saa ya ukutani, ikifika mwisho inaanza upya, ili kipande kimoja kisidokeze chochote.

Turudi kwenye figo. Kila hospitali inagawa habari za watu wake namna hiyo. "Mama anamfaa yule mgonjwa" ni 1 kama ndiyo, 0 kama sivyo. "Yule mke anamfaa mjomba" vilevile. Zidisha: 1 mara 1 ni 1, wabadilishane. Penye 0 popote, jibu ni 0, hakuna mpango. Kuzidisha vipande ni kazi nzito kuliko kujumlisha, lakini tarakilishi huweza. Mwisho kila hospitali huambiwa tu mgonjwa wake amepata jozi ipi, basi.

Si ndoto hizi. Mwaka 2008 wakulima wa viazisukari nchini Denmark walifanya mnada kwa hesabu hii, wasije wakafichua bei zao kwa kiwanda. Na mwaka 2020 watafiti wa Ujerumani na Marekani walichapisha utaratibu wa kubadilishana figo kwa njia hii hii. Shida moja ni kwamba jozi zikizidi, hesabu huwa ndefu mno.

Nilipomwonyesha mjomba mchezo huo mezani, aliniuliza maswali mawili yaliyonishinda kujibu haraka. La kwanza: "Katibu na mweka hazina wakila njama?" Kweli, wakitoa 48 na 71 zao katika 181, alama zangu wamezipata. Kwa hivyo washiriki wawe wengi, na wasiwe wa mkono mmoja. La pili: "Na mtu akiandika uongo tangu mwanzo?" Hapo, wasomaji, hesabu haina dawa. Inaficha yaliyoandikwa, haijui kama ni kweli. Daktari mwaminifu bado anahitajika.

Mjomba bado huenda mashineni kila Jumanne na Ijumaa. Hajakubali jina lake liandikwe popote. Ila juzi nilimkuta na karatasi na kalamu, akiigawa nambari yake mwenyewe vipande vitatu.

ZOEZI
1. Igawe 54 vipande vitatu, kimoja kikiwa hasi.
2. Kwa nini mchezo huu haufai kwa watu wawili tu?
3. Mgonjwa wa kundi O ana mtoaji wa kundi A. Eleza kwa nini ni vigumu kumpatia wa kubadilishana naye.