Niliyojifunza Nikijengea ARM kwenye Laptopu

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: programu ya kupima joto la chumba baridi cha samaki, ikae kwenye Raspberry Pi. Kukompaili humohumo ndani ya Pi kuliwezekana, ila kila nikigusa mstari mmoja, nilichemsha chai, nikainywa, nikarudi, bado inasaga. Nikahamia kwenye laptopu yangu ya x86-64, kompaila ikitoa programu za ARM.

1. Kujengea palepale kunadekeza. Ndani ya Pi, linka inaiona maktaba kwenye /usr/lib, na programu ikishaanza kazi inaikuta hukohuko. Nilidhani njia ni moja. Kumbe ni mbili zilizoangukia mahali pamoja, na ukihama mashine zinaachana.

2. "Skipping incompatible" haimaanishi maktaba haipo. Linka imeiona, imekuta ni ya x86-64, imeiruka. Mimi nilisakinisha libcurl mara tatu usiku mmoja, kumbe mkosaji ni -L/usr/lib/x86_64-linux-gnu niliyoinakili kutoka Makefile ya zamani. Niliifuta, nikaweka --sysroot.

3. PKG_CONFIG_PATH huongeza tu njia ambazo pkg-config hutafutia maktaba. Njia za laptopu zinabaki palepale. PKG_CONFIG_LIBDIR ndiyo inayozibadilisha.

4. Viungo vya faili vina hila. Nilinakili /lib na /usr za Pi kwa rsync hadi kwenye folda ya laptopu, nikaikabidhi kwa --sysroot. Linka ikadai haioni libz. Naiona kwa macho yangu, ile pale! Nikapiga ls -l: libz.so ilikuwa kiungo kinachoelekeza /lib/arm-linux-gnueabihf/libz.so.1.2.11. Kile kimkwaju cha mwanzo ndicho kilichoniponza, kwa sababu kinaanzia mzizi wa laptopu, si mzizi wa folda yangu, na kwenye laptopu faili hiyo haipo. Niliandika skripti ya kugeuza viungo vyote viwe vya ../../ badala ya kuanzia mzizi. Mistari sita, siku mbili.

5. -rpath na -rpath-link si ndugu. Ya pili inaisaidia linka kupata maktaba zinazotegemewa na maktaba nyingine, kisha haiachi alama. Ya kwanza inaandikwa ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo lazima iwe njia ya Pi. Nilizichanganya. Maktaba yangu ndogo ilikuwa /opt/vipimo/lib kwenye Pi, lakini programu haikuwa na habari.

Hilo nililigundua nikiwa kwa mteja, nyuzi 18 chini ya sifuri, shati la mikono mifupi, mlinzi ameshika mlango na kucheka. Vidole vikiwa vimekufa ganzi nikaandika readelf -d. Mstari wa RUNPATH ukaonyesha folda ya nyumbani kwangu, jina langu la utani likiwa ndani yake.