SOMO LA FIZIKA: RADARI NA NAMBA 16



Wengi kati yetu wanauliza: hii hesabu ya kuzidisha namba kwa yenyewe mara mbili, mara tatu, mara nne, itatusaidia nini katika maisha? Leo nataka kujibu ulizo hilo kwa njia ya radari ya vita. Viwanda vya radari viko na mali mingi na wataalamu wengi, lakini tangu zaidi ya miaka 80 vinapigana na namba moja tu: 16. Mwenye kuielewa atafahamu sababu gani ndege fulani hazionekani, sababu gani droni za bei ndogo zinatesa miji mikubwa, na sababu gani inchi zenye nguvu zinagombania madini inayoitwa galiumu.

1. Radari ni nini?

Ukisimama mbele ya mlima na kuita kwa nguvu, sauti yako inagonga mlima na kurudi. Radari inafanya vile vile, lakini inaita kwa mawimbi ya radio. Mawimbi hayo yanakimbia kilometa 300.000 kwa sekunde moja. Kama yanarudi nyuma ya sekunde 0,001, yametembea kilometa 300, kwenda na kurudi. Basi ndege iko kwenye kilometa 150.

Katika mwaka wa 1904, Mjeremani Christian Hülsmeyer alionyesha kule Köln chombo cha kuvumbua meli kwa mawimbi ya radio. Watu walisifu, lakini hawakununua. Tarehe 26 Februari 1935, Waingereza Robert Watson-Watt na Arnold Wilkins walijaribu karibu na Daventry. Hawakutuma mawimbi yao wenyewe. Waliazima yale ya radio BBC, wakaona ndege kwenye kilometa karibu 13. Miaka mitano tu nyuma, katika 1940, ndege za Wajeremani zilipokuja kupiga Uingereza, mnyororo wa radari kandokando ya bahari ulikuwa tayari kuzitangaza mbele zifike.

2. Ile 16 inatoka wapi?

Chukua tochi usiku, uangaze ukuta kwenye meta 1. Kisha rudi nyuma mpaka meta 2. Mwangaza ule ule umetawanyika sasa kwenye nafasi kubwa mara 4, kwa hiyo kila sehemu inapata robo tu. Mawimbi ya radari ni vile vile: umbali ukiwa mara 2, nguvu inayofika kwa ndege ni robo. Lakini kazi haijaisha! Mawimbi yanapashwa kurudi, na katika kurudi yanatawanyika tena. Robo ya robo ni moja ya 16.

Maana yake: ukitaka radari yako ione mbali mara 2, usifikiri kwamba nguvu mara 2 inatosha. Inafaa nguvu mara 16. Ukitaka mara 3, inafaa mara 81. Hapa ndipo bei inapanda, na hapa wenye viwanda wanaumwa kichwa.

3. Kuongeza nguvu

Jibu la kwanza lilikuwa magnetroni, iliyotengenezwa na John Randall na Harry Boot kule Birmingham katika 1940. Ilikuwa chombo kidogo cha kushika mkononi, lakini ilitoa mawimbi mafupi ya sentimeta karibu 10 yenye nguvu mingi. Mwaka ule ule Waingereza waliipeleka Marekani kwa siri, na viwanda vya kule vikaanza kuitengeneza kwa wingi.

Leo radari nyingi mpya hazina antene ya kuzunguka. Ziko na mamia, hata maelfu, ya vyombo vidogo. Kila kimoja kinatuma na kupokea mawimbi. Kompyuta inavipanga kusudi mawimbi yaelekee huku ao kule, pasipo kitu chochote kusogea. Vichache vikikufa, vingine vinaendelea na kazi. Japani ilikuwa ya kwanza kutia radari ya namna hiyo katika ndege zake za kupigana, zile F-2. Wengine kama Thales ya Ufaransa, Saab ya Sweden na Raytheon ya Marekani wako katika kazi hiyo pia.

Vyombo hivi vidogo vinapata moto sana. Ndiyo sababu viwanda vimegeukia nitridi ya galiumu, ambayo inavumilia moto na umeme mwingi. Lakini karibu galiumu yote ya dunia inatoka China. Katika Agosti 2023 China ilianza kuomba ruhusa kwa kila mzigo wa galiumu unaotoka. Katika Desemba 2024 ikakataza kuuzia Marekani. Katika Novemba 2025 ikasimamisha katazo hilo kwa muda. Angalieni: kiwanda kinaweza kuwa na wataalamu wote, na bado kikangojea barua ya mtu mwingine. Na sisi Wakongomani tuko ndani ya maneno haya: tantale ya koltani ya Masisi inaingia katika vyombo vya elektroniki, vya amani na vya vita.

4. Wenye kujificha

Ile 16 iko panga yenye kukata pande mbili. Kama mtu anatengeneza ndege yenye kurudisha mawimbi kidogo mara 16, radari inaiona kwenye nusu ya umbali. Akipunguza mara 10.000, radari iliyoona kwenye kilometa 300 itaona kwenye kilometa 30 tu. Ndege yenye kukimbia kilometa 900 kwa saa inamaliza 300 kwa dakika 20, na 30 kwa dakika 2. Kwa mama mwenye watoto anayekimbilia shimo la kujificha, tofauti hiyo ni uzima ao kifo.

Marekani ilirusha F-117 ya namna hiyo mara ya kwanza katika 1981. Lakini tarehe 27 Machi 1999, Waserbia waliangusha moja kwa makombora ya zamani ya Urusi. Radari yao ya zamani ilitumia mawimbi marefu, ya meta karibu 2, ambayo umbo la ndege ile halikuweza kudanganya vizuri. Basi, kitu cha zamani si kitu cha kutupwa.

5. Mwenye kuita anasikiwa

Shida ingine: radari ikiita, adui naye anaisikia. Kuko makombora yanayofuata mawimbi mpaka kwenye antene yenyewe. Kwa hiyo Hensoldt ya Ujerumani ilitengeneza TwInvis, ambayo haiite hata kidogo. Inasikiliza namna mawimbi ya radio na televizio yanagonga ndege. Kumbe ni ile akili ya Daventry ya 1935!

6. Droni

Tangu Septemba 2022, Urusi inatuma droni za Shahed, zilizotungwa Iran, juu ya miji ya Ukraine. Zikipita chini, milima na majengo yanazificha, kama vile mlima unavyotukatia radio FM. Zile ndogo zaidi zinarudisha mawimbi kama ndege wa porini tu, na radari nyingi zilifundishwa kuacha vitu vidogo vya polepole kusudi zisihesabu kila kunguru.

Waukraine walifanya nini? Walitia mikro juu ya nguzo, ili zisikie sauti ya moteri. Katika 2024 Jenerali James Hecker wa jeshi la anga la Marekani alisema ni karibu 10.000, na kila moja bei yake ni dola 400 mpaka 500. Mbele ya radari, Waingereza nao walijenga masikio makubwa ya beto karibu na bahari kule Kent. Ukuta mmoja wa urefu wa meta karibu 60 ungali umesimama.

Basi wandugu, tusidharau hesabu. Mali haiwezi kuhonga namba 16. Inapashwa kuelewa kwanza. Tena, aliyeshindwa kuongeza nguvu anaweza kushinda kwa kufikiri.

MAULIZO

1. Radari inaona ndege kwenye kilometa 100. Ili iione kwenye kilometa 400, nguvu iongezwe mara ngapi?
2. Mawimbi yanarudi nyuma ya sekunde 0,0004. Ndege iko kwenye kilometa ngapi?
3. Ndege iliyoonekana kwenye kilometa 300 imepunguza mawimbi yake mara 81. Sasa itaonekana kwenye kilometa ngapi?

Mniletee majibu pamoja na hesabu yote, si jibu peke yake.

Kiongozi wa wanafunzi,
Mwaka wa sita, Matematika-Fizika