Kukodi Gari na Kuendesha Salama: Bagamoyo na Pwani ya Kaskazini mwa Dar es Salaam

Magari ya kukodi kwa safari ya Bagamoyo hutafutwa Dar es Salaam, kwenye Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere au kwa kampuni za mjini. Nyingi hutoa gari pamoja na dereva, na kwa mgeni ambaye hajazoea kuendesha upande wa kushoto hilo ndilo chaguo la busara, hata kama gharama inapanda. Anayetaka kushika usukani mwenyewe awe na leseni ya kwao, kibali cha kimataifa cha udereva na pasipoti.

Katika mkataba, jambo la kusoma mara mbili ni bima. Bima ndogo hulipia madhara waliyopata watu wengine tu. Bima kubwa hugusa na gari lenyewe, lakini mara nyingi huacha kiasi fulani mabegani mwa aliyekodi. Ni vyema pia kuuliza kama gari linaruhusiwa kuingia barabara za vumbi. Mikwaruzo yote ipigwe picha mbele ya mwenye gari, kisha zikaguliwe tairi la akiba, jeki, spana, kizimamoto na pembetatu za kuakisi mwanga. Vitu hivi trafiki huviulizia.

Kutoka katikati ya jiji hadi Bagamoyo ni takriban kilomita 70, lami mwanzo hadi mwisho, kupitia Mwenge, Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga. Ufupi huo hudanganya. Jioni ya siku ya kazi foleni ya kuelekea Tegeta na Bunju hula muda mwingi kuliko sehemu yote iliyobaki. Baada ya Bunju njia hufunguka, na hapo ndipo hatari inapoanza: kijiji hutokea ghafla, pamoja na kibao cha mwendo wa 50, matuta, wanafunzi wanaovuka na bodaboda inayoingia barabarani bila kutazama nyuma. Daladala husimama popote abiria alipo. Trafiki wenye tochi za kupima mwendo hupenda kukaa palepale ambapo dereva amesahau kibao. Faini halali hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Pesa taslimu za mkononi hazina stakabadhi.

Dereva anayekuja kutoka mbele akimulika taa mchana, huenda anaonya kuhusu trafiki au ajali. Matawi mabichi yaliyotandazwa kwenye lami kwa kawaida humaanisha kuwa gari limeharibika mbele, pengine limebaki katikati ya njia.

Ndani ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo mitaa ni myembamba, na gari ni mzigo kuliko msaada. Afadhali liegeshwe, magofu ya mjini yatembelewe kwa miguu, kisha litumike kwenda Kaole, kilomita chache kusini mwa mji.

Anayeendelea mbele ana lami ya kilomita 64 hadi Msata, inayokutana na barabara kuu ya Chalinze hadi Segera. Pale malori na mabasi ya Tanga na Arusha ni mengi, na kupita gari jingine kwenye kona au kilima ni kamari. Saadani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ni habari nyingine: njia zake nyingi ni za udongo, na udongo mweusi ukilowa hunasa hata gari lenye nguvu ya magurudumu yote. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, isiendewe bila kuuliza hali ya njia siku hiyohiyo.

Usiku ni wa kuepukwa kote. Giza huingia upesi baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, na baiskeli zisizo na taa hazionekani mpaka zimefikiwa.

Ikitokea ajali, dereva asimame, apige 112 na kuripoti kituo cha polisi kilicho karibu. Majeruhi huhitaji fomu ya polisi iitwayo PF3, na bila taarifa ya polisi madai ya bima hukwama. Kampuni iliyokodisha gari ijulishwe siku hiyohiyo.