SOMO LA AFYA: MWANGWI UNAOTAFUTA KANSA



Saratani, au kansa, ni ugonjwa wa chembe za mwili. Chembe huongezeka ovyo, zikafanya uvimbe, kisha zikaenea. Uvimbe ukiwa kwenye titi, mtu anaweza kuupapasa kwa mkono. Je, ukiwa kwenye kongosho? Kongosho liko nyuma ya mfuko wa chakula, karibu na uti wa mgongo. Mkono haufiki, jicho halioni. Basi leo tujifunze namna madaktari wanavyoutafuta.

Sauti inayorudi

Ukipiga kelele mbele ya mlima, sauti yako hurudi. Huo ni mwangwi. Kipimo cha altrasaundi, ambacho akina mama wajawazito wengi wanakifahamu, hufanya kazi kwa mwangwi. Mashine hutoa sauti ambayo sikio halisikii. Sauti huingia mwilini, hugonga kitu, hurudi. Mashine huugeuza mwangwi huo kuwa picha.

Lakini sauti hii ina adui wake, nayo ni hewa. Matumbo yetu yana hewa. Sauti ikitokea nje ya tumbo, huzuiwa na hewa hiyo kabla ya kulifikia kongosho. Picha haionekani vizuri.

Mashine inaingia ndani

Mwaka 1980 wataalamu wa Marekani na Ujerumani Magharibi walitangaza njia mpya. Waliweka mashine ndogo ya altrasaundi kwenye ncha ya mpira wa kupimia tumbo. Mpira huo una unene kama wa kidole, nao una taa na kamera. Mgonjwa hukaa bila kula kwa saa 6 au zaidi. Hupewa dawa ya kumtuliza, halafu mpira hupitishwa mdomoni mpaka kwenye mfuko wa chakula. Hapo mashine imekuwa jirani wa kongosho.

Kazi zake ni tatu:

1. Kupima kina. Ukuta wa umio, yaani njia ya chakula, una tabaka kama kitunguu. Kamera huona ganda la ndani tu. Mwangwi huonyesha tabaka 5. Uvimbe ukiwa juu juu, mara nyingine huondolewa kwa mpira bila kupasua. Ukiwa umezama, hutakiwa upasuaji, dawa au mionzi.

2. Kuchukua chembe. Mwaka 1992 Peter Vilmann na wenzake wa Denmark waliandika jinsi walivyopitisha sindano nyembamba kwenye mpira, wakachukua chembe za kongosho huku wakiiona sindano kwenye picha. Chembe hutazamwa kwa hadubini. Ndipo daktari hujua kama ni kansa au si kansa.

3. Kusaidia tiba. Dawa huweza kupigwa karibu na mishipa ya fahamu ili maumivu yapungue. Nyongo ikiziba, daktari huweza kuweka kijibomba ipite.

Damu kutoka au ukuta kutoboka huweza kutokea, ila ni mara chache.

Na sisi vijijini?

Kipimo hiki hakipo zahanati, lakini safari ya kukifikia huanzia hapo. Saratani ya umio ipo sana Afrika ya Mashariki. Tunafanyaje ugali unapokwama kooni? Wengi tunahamia kwenye uji. Uji ukikwama, tunahamia kwenye chai. Hivyo tunauficha ugonjwa wenyewe, na uvimbe unazidi kuzama. Mashine huonyesha kina cha uvimbe. Haiwezi kuurudisha ulikotoka.

Nenda zahanati mapema ukiona haya:
– chakula kinakwama;
– unakonda bila sababu;
– macho yana rangi ya manjano, na mkojo ni kama chai ya rangi.

Huenda si kansa. Lakini kupimwa ndiko kujua.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini altrasaundi ya nje hailioni kongosho vizuri?
2. Sindano inachukua nini, na kwa nini?
3. Jirani yako ameacha ugali, anakunywa uji tu. Utamwambia nini?

Elimu haina mwisho.