Maji ya Chini: Mfano wa Ghazali Kwenye Mchanga wa Kitui

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 huko Tus, Uajemi, hakuwahi kufika Kitui. Lakini katika Ihya Ulum al-Din, kwenye sehemu inayoeleza maajabu ya moyo, ametoa mfano ambao mkazi wa Mutomo au Kibwezi ataufahamu bila kuelezwa. Hodhi lililochimbwa ardhini, anasema, laweza kujazwa na vijito vinavyoingia kwa juu. Au mtu aweza kuviziba vijito, akachimba sakafu ya hodhi mpaka akaribie maji yaliyo chini, nayo yakabubujika. Hodhi ni moyo, vijito ni milango mitano ya fahamu, na maji ni elimu.

Moyo anaouzungumzia si ule wa shinikizo la damu. Pande la nyama lililo kifuani upande wa kushoto amewaachia matabibu. Anachokitafuta ni kile kinachojua na kinachoulizwa juu ya matendo. Hicho hakipimwi kwa kifaa chochote, wala makala hii haitajaribu. Ila mfano ni wa maji, na maji yana kanuni zake. Ghazali anadai kwamba maji ya chini ni safi zaidi, yanadumu zaidi, na huenda yakawa mengi zaidi. Madai hayo yanaweza kupimwa, na hapana mahali pazuri pa kuyapimia kuliko Tiva, Nzeeu, Thwake na mito mingine ya msimu ya Ukambani, ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni barabara za mchanga tu.

Tuanze na ndoo. Chukua ya lita 20, ijaze mchanga mkavu wa mtoni, kisha mimina maji polepole. Zitaingia lita sita hivi kabla maji hayajaonekana juu. Mchanga haukuvimba, maji yamekaa kwenye nafasi zilizo kati ya punje. Sasa toboa ndoo chini. Mengi yatatoka, na kiasi kitabaki kimegandamana na punje. Rudia jaribio hilo kwa udongo wa mfinyanzi na utaona kioja: nao unakunywa maji mengi, tena pengine kuliko mchanga, lakini ukitoboa hautoi kitu. Nafasi zake ni nyembamba mno, na kadiri nafasi inavyokuwa nyembamba ndivyo inavyoyang'ang'ania maji. Kwa hiyo ardhi inayopokea si lazima iwe ardhi inayotoa.

Hapa ndipo werevu wa bwawa la mchanga ulipo. Joshua Mukusya na kikundi cha Utooni walianza kujenga mabwawa hayo upande wa Machakos mwaka 1978, na shirika la SASOL limejenga mamia yake Kitui tangu miaka ya 1990. Ukuta wa mawe na saruji unasimamishwa juu ya mwamba, kuukata mto. Mafuriko yanapokuja yamebeba kila kitu, punje nene na tope pamoja. Kwa chembe ndogo, kasi ya kuzama hukua kwa mraba wa upana wake: iliyo pana mara kumi huzama haraka mara mia. Mchanga unatua nyuma ya ukuta. Tope halipati muda wa kutua. Linapita juu ya ukuta na kwenda zake. Misimu michache baadaye bwawa limejaa mchanga mpaka juu, na mgeni asiyejua atadhani mradi umekufa.

Kudumu, basi. Kitui maji yaliyo wazi hupoteza karibu mita mbili kwa mwaka kwa kuvukizwa, na mvua haifiki kiasi hicho. Bila mvua ya kulijaza tena, dimbwi lenye kina cha mita moja na nusu halimalizi mwaka, hata kama hakuna aliyechota. Mchangani mambo ni mengine. Jua hukausha tabaka la juu kwanza. Maji ya chini hujaribu kupanda kupitia nafasi za punje, lakini nafasi za mchanga mnene ni pana, hivyo hayapandi mbali. Kuanzia hapo mvuke unalazimika kupenya mchanga mkavu kidogo kidogo, na upepo haufiki huko. Ukishuka kati ya nusu mita na mita moja, uvukizi karibu unakoma. Jua lilelile linalokausha ndilo lililotengeneza kifuniko.

Usafi nao una ushahidi. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani, kikaua watu zaidi ya 8,000. Mji jirani wa Altona ulichota maji ya mto uleule wa Elbe, tena upande wa chini ambako uchafu wa Hamburg ulikuwa umeshaingia, lakini uliyapitisha kwanza kwenye vitanda vya mchanga. Altona ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mchanga haukamati vijidudu kwa kuchuja peke yake, maana ni vidogo kuliko nafasi zake. Vinanasa kwenye uso wa punje, na huko kuna viumbe wengine wadogo wanaovila. Kazi hiyo inataka mwendo wa polepole. Yaharakishe maji na mchanga hausaidii.

Dai la wingi ndilo linalohitaji tahadhari. Ujazo uleule wa mchanga unabeba theluthi tu ya maji ambayo dimbwi tupu lingebeba. Mwezi wa Desemba dimbwi linashinda. Kufika Septemba, anayechimba ndiye mwenye mtungi uliojaa. Ghazali alisema "huenda", na neno hilo lilikuwa mahali pake.

 

Lakini shimo halizalishi maji. Yanayotoka Septemba ni mvua iliyonyesha miezi mingi nyuma, juu ya vilima, ikashuka na kukaa. Chimba palipo na mwamba mtupu na utatoa jasho tu. Pingamizi hili Ghazali alilijua, kwa kuwa analiuliza mwenyewe: maji yatabubujikaje moyoni ilhali moyo hauna? Jibu lake ni kwamba hakika ya mambo imeandikwa kwenye Lauhu Mahfudhi, yaani Ubao Uliohifadhiwa, na uchimbaji, yaani ibada, kufunga, dhikri na faragha, huondoa kizuizi. Siku kumi za mwisho za Ramadhani, anayekaa itikafu, yaani kujitenga kwa ibada, msikitini Kitui mjini au Mtito Andei anafanya sehemu ya kwanza ya mfano huo: anaziba vijito.

Kisha kuna mdomo wa kisima. Maji yaliyochujwa kwa miezi yanachafuka kwa dakika moja punda akiingiza kwato, au dumu lililokaa chini likitumbukizwa. Ndiyo maana shimo la watu huzungushiwa miiba, mifugo ikachimbiwa lake upande wa chini, na penye uwezo kisima kikafunikwa na kuwekewa pampu ya mkono. Wanazuoni waliomkosoa mtu wa faragha walikuwa na hofu inayofanana na hii, na Ghazali ameiandika hoja yao bila kuikebehi: mtu akijifungia kabla ya kusoma, dhana mbovu yaweza kumwingia moyoni, akaishi nayo hata miaka ishirini akidhani ni nuru, wakati somo dogo lingeiondoa siku hiyohiyo. Asome kwanza waliyoyasoma wenzake, walisema, ndipo akachimbe.