Tuhesabu Kabla ya Kubeba Godoro

SOMO LA VIKUNDI



Ukitembelea vikundi upande wa Kajiado, Isinya na Bissil, kuna habari moja inayorudi tena na tena. Mwanachama anaacha kuja mkutanoni. Ukiuliza unaambiwa, "Huyo alihamia Kitengela." Mchango wake unakosekana mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu jina linapigwa mstari kwenye daftari. Kuna vikundi vilivyompoteza mweka hazina kwa njia hiyo hiyo, pamoja na daftari lenyewe. Kwa hiyo somo la safari hii ni juu ya kuhamia mjini: maisha ya kule yakoje, yanakula pesa kiasi gani, na kikundi kifanye nini mtu akiwa bado hajafunga mizigo.

Hatusemi watu wasihame. Mimi ninayeandika nilihama, na sijarudi. Tena hapa Umaasaini kuhama si jambo la kufundishwa na mtu. Lakini zamani boma lilihama zima, wazee, watoto na mifugo, kufuata nyasi. Safari hii ya mjini mtu huenda peke yake, na mwisho wa mwezi kuna mtu anabisha mlango akitaka kodi.

Kiongozi wa somo asome kisa kifuatacho pole pole, mara mbili. Si kisa cha mtu mmoja. Tumekiunganisha kutokana na mambo tuliyoyasikia kwa wengi.

KISA

Mama mmoja wa karibu na Bissil alipoteza ng'ombe karibu wote katika ukame wa 2022. Mume wake alikuwa Nairobi, analinda nyumba za watu usiku. Binti yao mkubwa alikuwa amepata kazi ya kushona nguo kiwandani EPZ, Athi River, na alikuwa amepanga chumba Kitengela. Siku moja binti alifika nyumbani na sukari na mkate.

"Yeyo, njoo tukae wote kule. Kuna stima, kuna maji, hospitali iko karibu. Hapa unangoja nini?"

"Na mbuzi hawa saba?"

"Tutauza."

"Na shamba?"

Binti alinyamaza kidogo. "Baba anasema kuna mtu anataka ekari tano. Tukiuza tunanunua ploti, tunajenga vyumba vya kupangisha. Tutakuwa tunakula kodi tu."

Mama hakusema ndiyo wala hapana. Alimwachia dada yake mbuzi, akaenda kukaa mwezi mmoja aone.

Siku ya kwanza alifurahi. Unabonyeza ukutani, taa inawaka. Siku ya pili aliamka kabla ya jua kama kawaida yake, akakaa kitandani, hana cha kukamua. Binti alikuwa ameshatoka, na hangerudi mpaka saa mbili usiku. Maji yalikuja kwa mkokoteni, mtungi kwa pesa. Makaa kwa mkebe. Maziwa, yale aliyokuwa akimpa mgeni yeyote bila kufikiri, sasa alipimiwa kwa kikombe na kijana wa dukani. Mlango wa jirani ulikuwa hatua tatu kutoka mlango wao, lakini binti hakujua jina la mwenye huo mlango. Choo kilikuwa kimoja kwa vyumba sita, na ufunguo ulikuwa kwa keateka.

Wiki ya pili alimwambia binti yake, "Mwanangu, hapa hata kukaa kimya ni pesa."

Mwezi haukuisha, mama alirudi Bissil. Binti alibaki, kwa sababu kazi yake iko kule na anaipenda. Lile jambo la ekari tano bado halijaamuliwa.

JADILIANENI

Wekeni karatasi chini. Zungumzeni wawili wawili kwanza, kisha wote pamoja. Binti anaona nini ambacho mama haoni? Mama anaona nini ambacho binti haoni? Baba hakuwepo kwenye mazungumzo, lakini neno lake lilikuwepo; mnaonaje juu ya hilo? Na hizo ekari tano ni za nani?

Msikimbilie kuamua nani ana haki. Tulipojaribu somo hili mara ya kwanza, akina mama walisimama upande wa mama, vijana upande wa binti, na kelele zikawa nyingi. Ndipo mzee mmoja akauliza, "Kabla ya ukame, hao ng'ombe walikuwa wanakula wapi?" Watu wakanyamaza, kwa sababu jibu ni kwamba malisho yalikuwa yameanza kwisha muda mrefu kabla mvua haijakosa.

MJI ULIKUJAJE?

Wazee wanakumbuka Kitengela ikiitwa Noonkopir, vibanda vichache kando ya barabara ya Namanga. Sehemu kubwa ya Kajiado iliwekwa katika ranchi za kikundi chini ya sheria ya 1968. Ardhi ilikuwa ya wanachama wote kwa pamoja, na ng'ombe walipita. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi hizo zilianza kugawanywa, na ya Kitengela ilikuwa kati ya zile za mapema. Kila mwanachama alipata hati yake mkononi. Hati ni kitu kizuri, inakulinda. Lakini ardhi yenye hati ya mtu mmoja inaweza pia kuuzwa na mtu mmoja, kipande kwa kipande, mpaka ibaki njia ya kuingilia nyumbani.

Mwaka 1990 ikatungwa sheria ya EPZ, na viwanda vikafunguliwa Athi River, ng'ambo tu ya Kitengela. Baada ya Marekani kupitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, nguo zikaanza kwenda kule bila ushuru, na mafundi wa kushona wakatakiwa kwa wingi. Hawa walihitaji chumba cha bei nafuu. Nao watu wa Nairobi waliochoka na kodi ya huko waliona kwamba umbali wa kilomita 30 hivi unawapa ploti yao wenyewe, ile ya futi 50 kwa 100, yaani kama sehemu ya nane ya ekari. Kaunti nzima ya Kajiado ilikuwa na watu 258,659 katika hesabu ya 1989. Hesabu ya 2019 ilikuta watu 1,117,840, na mji wa Kitengela peke yake ulikuwa na zaidi ya 150,000. Kajiado mjini, ambako ndiko makao makuu ya kaunti, ni kijiji ukiulinganisha na Kitengela.

Kwa hiyo tukisema "kuhamia mjini" tukumbuke watu wa namna mbili. Kuna aliyekuja na godoro kutoka Machakos, Kisii, Murang'a au Bissil. Na kuna aliyelala kwenye boma lake, akaamka amezungukwa na mabati na ua wa waya. Huyu wa pili hasemwi sana. Hakuhama, lakini ng'ombe wake hawana tena njia ya kwenda mtoni, na mbwa wa majirani wanabwekea mbuzi wake.

Hata wanyama wa porini wamebanwa. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, na upande wake wa kusini uliachwa wazi ili wanyama watoke kwenda kula nyanda za Kitengela na Kaputiei. Ua zilipoongezeka, njia zikapungua. Mwaka 2012 simba sita waliuawa kwa mikuki Kitengela baada ya kuua mifugo ya watu. Tangu 2000 kulikuwa na mpango wa kuzilipa familia shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka ili wasiuze wala kuweka ua. Pesa hiyo ilisaidia ada za shule, na wengi waliithamini, lakini mnunuzi wa ploti akija na bunda la noti, shilingi 300 ni vigumu kusikika.

TUCHUKUE KALAMU

Sasa turudi chumbani kwa binti. Bei zifuatazo ni za mfano tu, ili tujifunze kuhesabu. Chumba, tuseme shilingi 5,000 kwa mwezi. Maji, mitungi mitano ya lita 20 kwa siku, kila mtungi shilingi 20. Hiyo ni 100 kwa siku, au 3,000 kwa mwezi. Nauli ya kazini 100 kwenda na kurudi, siku 26, ni 2,600. Chakula 300 kwa siku, ni 9,000. Makaa na tokeni za stima 2,000. Jumla ni shilingi 21,600, na hapo hakuna aliyeugua, hakuna mtoto wa shule, wala hakuna matanga nyumbani yanayotaka mchango. Mwezi wa kwanza mwenye nyumba atataka pia dipositi, kwa hiyo kodi ni mara mbili. Andikeni mshahara wa kweli wa kibarua upande wa pili wa karatasi, muone kinachobaki.

Akina mama wengi wakifika hapa husema, "Lakini nyumbani pia tunatumia pesa." Ni kweli. Basi fanyeni hesabu ya pili: maji, kuni, maziwa, mboga za shamba, na nyanya anayemwangalia mtoto. Kama ungenunua vyote hivyo, vingekuwa shilingi ngapi? Hizo ndizo pesa ambazo mtu wa kijijini anazo na hajui kwamba anazo. Mtu akihama anaziacha zote siku moja.

Hesabu ya ekari tano ni nyingine. Pesa ya shamba huja mara moja, lakini mji unadai kila mwezi. Wapo waliouza kidogo, wakajenga vyumba, wakabaki na shamba lingine, na leo wanasomesha watoto kwa kodi, tusidanganyane, wapo. Lakini ujenzi hula zaidi ya ulivyopanga, na vyumba vinne vilivyofika kwenye linta tu haviliki.

Tena kuna mambo ya sheria ambayo kila kikundi kinapaswa kuyajua. Shamba la kilimo haliuzwi mpaka bodi ya ardhi itoe kibali, na kibali hicho kinatakiwa kuombwa ndani ya miezi sita baada ya mapatano. Mama ambaye hajakubali anaweza kwenda mbele ya bodi na kusema hajakubali. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 nayo inasema kwamba, katika ndoa ya mke mmoja, mali ya wanandoa haiuzwi bila wote wawili kuridhia. Nyumba yenye wake wengi itafute ushauri wa sheria mapema, isingoje mnunuzi apige vigingi. Na anayenunua ploti asitosheke na karatasi iliyoandikwa mbele ya chifu. Aende ofisi ya msajili wa ardhi atafute kama hati ni ya kweli, ni ya nani, na kama ina deni la benki.

UKIFIKA KULE

Nilipokuwa natafuta chumba niliambiwa, "Maji yapo." Kweli yalikuwepo: Jumanne usiku. Tangu hapo nawaambia watu, usiulize keateka, uliza mama anayefua nguo uani. Uliza pia maji ni ya kisima au ya bomba. Visima vingi vya Kajiado vina chumvi na floraidi. Mtoto mdogo akikua akinywa maji hayo meno yake ya kudumu hutoka na madoa ya kahawia, na kuyachemsha hakuondoi floraidi. Maji ya mvua yaliyotekwa vizuri ni bora kwa kunywa, kwa hiyo hata mpangaji atafute pipa.

Mwenye kazi Nairobi akumbuke jamu ya Mlolongo. Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 inaanzia pale, lakini inalipiwa, na magari mengi bado yanabanana chini. Kuna baba wanaowaona watoto wao wakiwa wamelala tu, asubuhi na usiku.

Kitu kigumu kuliko vyote kwangu hakikuwa pesa. Niliugua siku tatu na hakuna mtu aliyejua. Nyumbani moshi usipotoka asubuhi, jirani anakuja kuuliza. Mjini hakuna moshi wa kuangaliwa. Nilipopona nilijiunga na merigoraundi ya akina mama wa ploti yetu, shilingi 200 kwa wiki. Sikuwa na haja kubwa na hizo pesa. Nilitaka watu sita wajue mlango wangu.

Hapa ndipo kikundi cha nyumbani kina kazi. Mwanachama akihama, msimfute. Mwandikeni kama mwanachama wa mbali, atume mchango wake kwa M-Pesa, na afike mkutano mkuu wa mwaka. Akiwa mweka hazina, akabidhi daftari na salio mbele ya kamati kabla ya kupanda matatu. Mpeni namba za watu wa kwenu walioko kule. Na kama inawezekana, aende kwanza mwezi mmoja kama yule mama, mbuzi wakiwa bado kwa dada.

KAZI YA MKUTANO UJAO

Kila mmoja ampigie simu mtu wake mmoja anayekaa Kitengela, Rongai au Nairobi, amuulize bei tatu: chumba, mtungi wa maji, na nauli ya kwenda kazini. Amuulize pia kama anajua jina la jirani yake. Katibu aandike majibu yote kwenye karatasi kubwa ukutani. Kisha someni tena kile kisa, mtu mmoja awe mama, mwingine binti, na safari hii baba naye awepo, mzungumze juu ya ekari tano.