Somo la Tawi: Maswali Saba Kabla ya Kompyuta Kuingia Kazini



Somo letu la safari hii linahusu mashine za hesabu. Tunasema kompyuta ya karani wa mishahara, mizani ya umeme kwenye kituo cha kuoshea kahawa, simu ya kapita inayoandikia kilo, na saa ya mlangoni inayosoma kidole cha mtu anapoingia na kutoka. Vitu hivi vimekwisha kuanza kuingia katika kazi zetu. Gitega, ambayo tangu mwaka 2019 ni makao makuu ya siasa ya nchi, ina viwanda vya kahawa na kiwanda cha bia. Muyinga, ambayo tangu mwaka 2025 imo katika mkoa mpya wa Buhumuza, inaishi kwa kahawa na mashamba. Pote pawili mshahara wa mfanyakazi unatokana na hesabu: kilo ngapi, saa ngapi, siku ngapi. Basi mwenye kushika hesabu ndiye anayeshika mshahara wetu.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Daftari ni jambo jema, na kompyuta ni daftari la namna mpya. Lakini daftari likiandikwa vibaya linakuwa silaha ya kumwibia mnyonge kwa maandishi.

Kuna makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kuikataa mashine kwa sababu ni mashine. La pili ni kuipokea kwa makofi kwa sababu ni mpya. Njia iliyo sawa ni kuuliza maswali mapema, kabla fedha hazijalipwa. Mashine ikishanunuliwa, kila mkubwa huitetea ili asionekane amepoteza fedha. Tawi linaloamka wakati huo limechelewa.

SWALI LA KWANZA: Tunataka kuponya ugonjwa gani?

Usinunue dawa kabla hujajua ugonjwa. Chukueni karatasi, mchore njia ya kazi tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano: mkulima anafika na kikapu cha matunda mekundu, yanachaguliwa, yanapimwa, karani anaandika, karatasi inakwenda ofisini, ofisi inajumlisha, mtunza fedha analipa. Kisha ulizeni: kilo zinapotea wapi?

Tuchukue hesabu ndogo. Mchumaji anapima mara 6 kwa siku, na kila mara anapunjwa nusu kilo. Kwa siku amepoteza kilo 3. Kwa siku 26 za kazi amepoteza kilo 78. Kama kosa liko kwenye mizani, kompyuta ya ofisini haitaliponya. Itajumlisha uongo ule ule kwa haraka zaidi, na kuuchapa kwa herufi nzuri. Lakini kama mizani ni ya haki na kosa liko kwenye kujumlisha, hapo kompyuta ni rafiki. Na kama tatizo ni kwamba fedha zinacheleweshwa makusudi, hakuna mashine ya kuliondoa. Hilo ni jambo la majadiliano.

SWALI LA PILI: Umeme na intaneti vikikatika, kazi itaendeleaje?

Mashine hizi hula umeme kama sisi tunavyokula ugali. Ni kweli hali inabadilika. Kituo cha maporomoko ya Rusumo kwenye mto Kagera, chenye nguvu ya megawati 80, kilianza kutoa umeme mwaka 2023, nao umegawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Hata hivyo vituo vingi vya kahawa viko milimani, mbali na nguzo. Kutegemea jenereta pekee nako ni hatari, maana tumeona wenyewe uhaba wa mafuta ulivyoibana nchi, hasa mwaka 2024, magari yakilala foleni. Jenereta bila mazutu ni chuma tu.

Intaneti nayo ina udhaifu wake. Burundi haina bahari; mawasiliano yetu na dunia hupitia nchi jirani hadi kwenye nyaya zilizolala chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili kubwa, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikasumbua nchi nyingi za Afrika Mashariki. Mwezi wa Mei kwetu ni katikati ya msimu wa kahawa. Tunda lililochumwa asubuhi halingoji waya utengenezwe, likikaa linachacha.

Kwa hiyo dai liwe hili: mashine iweze kufanya kazi bila intaneti na kutuma hesabu mtandao ukirudi, iwe na betri au sahani ya jua, na daftari la karatasi liwe tayari mezani kwa siku mbaya.

SWALI LA TATU: Nani ataitumia, na kwa lugha gani?

Mashine inayozungumza Kiingereza peke yake, mbele ya watu wanaozungumza Kirundi na Kiswahili, inazungumza na bwana mmoja tu. Maneno yake yawe ya lugha tunayoisoma. Kioo cha mizani kimwelekee anayepimiwa pia, si karani peke yake. Kila kipimo kitoe karatasi au ujumbe wa simu papo hapo, wenye tarehe, uzito, na kiasi kilichoondolewa kwa ajili ya kikapu au gunia. Uzito wa chombo ukifichwa ndani ya mashine, wizi wa zamani umepata nyumba mpya.

Pia tuwakumbuke wasiojua kusoma na wasio na simu. Dada zetu wengi wanaochambua kahawa wamo katika hali hiyo. Wasiachwe nyuma, wala asiteuliwe kapita kuwasomea. Asome mjumbe wa wafanyakazi.

SWALI LA NNE: Gharama yake kamili ni kiasi gani?

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Muuzaji hutaja bei ya kununua tu. Lakini mashine ni kama ng'ombe: baada ya kumnunua kuna majani, dawa na mchungaji. Tuchukue mfano. Ushirika unanunua mashine na programu kwa faranga 10,000,000. Kila mwaka kuna malipo ya programu, intaneti, matengenezo, betri na mafunzo, jumla faranga 2,000,000. Kwa miaka 5 hizo ni faranga 10,000,000 nyingine. Basi bei ya kweli ni 20,000,000, mara mbili ya ile iliyotajwa.

Ulizeni pia: ikiharibika, fundi anatoka wapi? Akiwa Gitega au Bujumbura, atafika Muyinga siku ngapi? Vipuri vinapatikana nchini, au vinangoja fedha za kigeni? Na ushirika ukitaka kumwacha muuzaji huyu na kumchukua mwingine, je, hesabu zetu zote zitatoka katika mashine yake bila kulipiwa? Jambo hili liandikwe katika mkataba. Asiyeliandika atakuwa mpangaji katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Mahali mishahara inapolipwa kwa simu, kwa Lumicash, EcoCash au njia nyingine, ulizeni nani analipa makato ya kutoa fedha. Mshahara ni ule unaofika mkononi. Makato yakimwangukia mfanyakazi, mshahara umepunguzwa bila kikao.

SWALI LA TANO: Kompyuta ikikosea, nani ataaminiwa?

Ndugu, hili ndilo swali zito kuliko yote. Huko Uingereza, Shirika la Posta lilianza kutumia programu iitwayo Horizon mwaka 1999, iliyotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Programu ile ilikuwa na makosa. Ilionyesha kwamba fedha zimepungua katika vituo vidogo vya posta, hali hazikupungua. Wasimamizi wa vituo wakasema hatukuiba. Wakaambiwa kompyuta imesema. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa, wengine wakapoteza nyumba zao. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Baadaye wakajikusanya. Watu 555, wakiongozwa na Alan Bates, walikwenda mahakamani, na mwaka 2019 jaji akaamua kwamba programu ile ilikuwa na kasoro. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile.

Tazameni: hiyo ni nchi tajiri, yenye mawakili wengi, na bado ilichukua miaka ishirini. Sisi tuseme mapema: neno la kompyuta si hukumu, ni madai, na madai hutaka ushahidi.

Nasi tumekutana na mfano mdogo. Mahali pamoja tulipopita, walinzi na wafanyakazi wa usiku walikuwa wakiingia saa mbili usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, yaani saa 10 za kazi. Saa ya mlangoni ilikuwa imepangwa kuhesabu siku moja moja. Ikifika saa sita ya usiku wa manane, siku ya kwanza inafungwa, na masaa yaliyobaki hayapati mwanzo wake. Mtu aliyefanya kazi saa 10 aliandikiwa saa 4. Haikuwa hila ya mtu. Aliyetengeneza hakufikiria zamu ya usiku. Wafanyakazi waliokuwa wakiandika masaa yao katika vijitabu vyao ndio walioweza kuonyesha tofauti, tarehe kwa tarehe. Wasioandika walikuwa na manung'uniko tu, na manung'uniko hayajumlishwi.

SWALI LA SITA: Habari zetu zinawekwa wapi, na nani anaziona?

Jina, alama ya kidole, namba ya simu, masaa ya ugonjwa, michango ya chama: haya yote huingia katika mashine. Kidole si kama ufunguo; alama yake ikiibwa huwezi kukatiwa kingine. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda habari za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Hata pale ambapo sheria haijasema yote, mkataba wa kazi unaweza kusema: zikusanywe habari zinazohitajika tu, kila karani awe na neno lake la siri, kila badiliko la hesabu liache alama ya nani amebadilisha na lini, nakala ya akiba itunzwe mahali pengine, ili moto au mwizi asichukue historia ya mishahara yetu yote, na pamoja nayo uthibitisho wa michango yetu ya uzeeni.

SWALI LA SABA: Kazi za watu zitakuwaje?

Mwezi wa Mei 2023 huko Kericho, Kenya, mashine za kuchumia chai zilichomwa moto na watu walioona zimewanyang'anya riziki. Hatusifu moto. Lakini moto ule unafundisha kwamba mashine iliyoletwa bila mazungumzo huleta ugomvi ambao haumfaidi yeyote. Ikiwa mizani mpya itafanya kazi ya makarani watatu, wale watatu wafundishwe kuitumia, kuitengeneza, na kuwafundisha wenzao kabla hajaajiriwa mtu wa nje. Na ikiwa mashine inaongeza faida, sehemu ya faida ionekane katika mshahara.

Haki ya kukaa mezani tunayo. Mkataba Namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani, juu ya haki ya kuungana na ya majadiliano ya pamoja, ulipitishwa mwaka 1949, na Burundi iliuridhia mwaka 1997. Mjumbe wa tawi asiogope kuutaja.

NJIA YA KUJARIBU

Mashine ikikubaliwa, isianze kutawala siku ya kwanza. Ianze kituo kimoja, kwa miezi miwili ya msimu, huku daftari la zamani likiendelea kuandikwa. Kila Jumamosi karani na mjumbe wa wafanyakazi wakae pamoja, walinganishe hesabu mbili hizi mstari kwa mstari. Zikitofautiana, itafutwe sababu kabla ya kulipa. Mizani ipimwe kila asubuhi kwa jiwe la uzito unaojulikana, mbele ya watu. Miezi miwili ikiisha, mkutano uamue: iendelee, irekebishwe, au irudishwe. Na haki ya kuirudisha iwe imeandikwa tangu mwanzo.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Choreni njia ya hesabu ya mshahara wenu tangu kazini hadi mkononi. Ni mahali gani hakuna mfanyakazi anayeona?

2. Mashine iliyopo sasa, ikizimika siku tatu katikati ya msimu, mtalipwa kwa kufuata nini?

3. Wangapi kati yenu wana kijitabu chao cha masaa au kilo? Asiye nacho aanze leo. Daftari la shule na kalamu vinatosha.

4. Chagueni ndugu wawili, mmoja awe mwanamke, wafundishwe kusoma taarifa za mashine kwa niaba ya tawi. Majina yao yafike ofisi ya chama kabla ya msimu kufunguliwa.